Raia Amkamatapo Raia
Katika mashamba ya mpunga ya Dakawa, yaliyo jirani na Kambala, kijiji cha wafugaji wa Kimasai, mkulima akutaye ng'ombe wanalishwa mazao yake ana idhini ya sheria: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985 yamruhusu mwenye mali kumkamata mharibifu, ilimradi amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Idhini hiyo haifiki kwenye fimbo, wala haimgusi jamaa wa mtuhumiwa aliyekuwa mbali; na hapa ndipo, kwa rai yangu, wengi hupotoka, kwani kinachosakwa aghalabu si mtu bali kabila.

Wilaya jirani ya Kilosa yakumbuka Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, walipouawa watu 38 katika ugomvi wa namna hiyo. Gazeti liandikapo kwamba "Wamasai wameua", humtuhumu kila avaaye lubega, hata mchunga ndama. Ibara ya 59B ya Katiba yamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie haki na maslahi ya umma, asiingiliwe na yeyote. Ila mashahidi nao ni wasomaji, na habari huwafikia kabla ya hati ya mashtaka kuandikwa.