Ukumbi wa Mikutano Katikati ya Mji

Aliyewahi kuhudhuria mkutano hapa kwetu Bombambili mwezi wa Januari, katika ukumbi ulioezekwa mabati matupu pasipo dari, anajua ilivyo: mvua ya Songea ikishuka, msemaji huendelea kuchezesha midomo, na hadhira hukaa kimya ikingoja mbingu zimalize hotuba yao. Siku hizi kila mji unaokua hutamani ukumbi mkubwa wa mikutano, na aghalabu hutamani vioo na viyoyozi kabla ya kuuliza jua lachomoza wapi na mvua yatoka upande gani.

Nairobi waliuliza mapema. Jumba la Kenyatta, lililosanifiwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, lilikusudiwa kwanza kuwa makao ya chama cha KANU, kisha likakuzwa ili lipokee mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 1973. Na ubavuni mwa mnara wake umesimama ukumbi wa duara wenye paa la msonge, kana kwamba nyumba ya babu imeletwa mjini.

Walakini mfano niupendao zaidi ni wa Arusha, ijapokuwa kwa adhama haulifikii jumba lile. Majengo yake matatu, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilivunjika mwaka 1977. Mwaka uliofuata yakageuzwa kituo cha mikutano, na vyumba vyake vingi vikakodishwa kuwa ofisi, hata mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ikakaa humo tangu 1995 hadi 2015. Wajumbe wakiondoka, mpangaji yupo, na taa haizimwi.

Lau ningeombwa shauri juu ya ukumbi wa Songea, ningetaka kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua kali la alasiri likute ubavu mwembamba, na madirisha ya juu yatoe joto la pumzi za watu. Wabenediktini wa Peramiho walijenga kwa matofali ya kuchoma yaliyo imara mpaka leo, lakini tanuru hula miti, nasi miombo yetu imekwisha kuliwa vya kutosha. Afadhali matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, ambayo hayaonji moto. Paa la meta 2,000 za mraba, likipata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hushusha lita milioni 2, na watu wa mtaa uitwao Bombambili, nadhani, hawana udhuru wa kuyaacha maji hayo yapotee mtaroni.

Ghorofa ya chini ningewapa mama lishe, fundi cherehani na muuza daftari, milango yao ikitazama barabara. Ukuta wa uzio nisingejenga. Wanafunzi wakitaka kukatiza uani kufupisha njia, na wapite, hata kama ndani waziri anahutubia.