Usimamizi wa Rika kwa Wanafunzi wa Unasihi

Neno usimamizi latokana na kitenzi simamia, yaani kusimama juu ya kazi au mali ya mwingine. Wasemaji wa Kiswahili walijua katika mirathi, katika mtihani na katika shamba, na huko shambani halikai mbali na nyapara. Neno hilo ndilo lililotwaliwa na mafunzo ya unasihi kulitaja jambo la tabia nyingine: mnasihi kumsimulia mwenzi wa kazi mazungumzo yake na mteja ili yachunguzwe. Bridget Proctor wa Uingereza, katika miaka ya 1980, alieleza kwamba jambo hilo lina kazi tatu: kufundisha, kulinda miiko, na kumtua mnasihi mzigo aliotwishwa na habari za watu. Kazi hii ya tatu haimo kabisa katika neno usimamizi.

Wanafunzi wasipokuwa na mkufunzi karibu, na pengine hata wakiwa naye, hukutana wao kwa wao. Mmoja huleta shauri, wengine husikiliza na kuuliza, na uenyekiti huenda kwa zamu. Katika Usukuma rika kujiongoza si jambo geni: vijana wa kulima pamoja walikuwa wakimchagua mmoja wao awe nsumba ntale. Walakini jembe hulima mbele ya macho ya wote, hali unasihi hufanyika faraghani kati ya watu wawili, na aliyekosea aweza kusimulia yale tu yampendezayo. Kwa hiyo kundi lililo makini halitosheki na muhtasari, bali hutaka maneno yenyewe: mteja alisema nini, nawe ukamjibuje? Mara nyingi hapo ndipo hudhihirika kwamba mwanafunzi alikimbilia kutoa shauri kabla hajasikia. (Jina la nasaha lenyewe lina sehemu ya lawama.)

Ugumu mkubwa ni siri. Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ni mji mdogo kando ya barabara ya Mwanza na Musoma. Tuseme mwanafunzi wa huko asimulia habari za mama muuza dagaa aliyepimwa virusi vya UKIMWI, ambaye mumewe hajaambiwa. Jina halikutajwa, lakini wenzake wanne wanunua dagaa soko lile lile, na mmoja ni shemeji wa mume. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yalinda siri ya majibu ya kipimo, na siri hiyo yaweza kuvunjwa na biashara iliyotajwa kama ivunjwavyo na jina. Basi kuficha jina hakutoshi. Biashara, umri na mtaa hubadilishwa; mteja huelezwa tangu mwanzo kwamba mazungumzo yaweza kuchunguzwa na wanafunzi wengine, naye aweza kukataa; na msikilizaji aliyemtambua mtu husema hivyo na kutoka, asingoje mwisho wa kisa.

Heshima nayo huharibu kazi kwa upole. Kijana hawezi kwa urahisi kumwuliza mwalimu wa makamo, aliye mwanafunzi mwenziwe, kwa nini alimkatiza mteja aliyekuwa akilia, akaishia kusema, "Pole, mwalimu, ulijitahidi." Ndiyo maana makundi mengine humpa mwenyekiti wajibu wa kuliuliza swali gumu, ili lionekane ni la cheo, si la mtu.

Shauri la mteja anayetaka kujiua halingojei kikao cha rika. Hupelekwa siku ile ile kwa mnasihi aliyehitimu au kwa mganga wa hospitali.