Mkutubi, simu ya mzazi na neno ‘degedege’

Kutoka Kariakoo hadi Maktaba Kuu ya Taifa ni mwendo wa miguu. Unaacha kelele za Msimbazi, unavuka Lumumba, unakatiza Mnazi Mmoja, unatokea Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo hilo lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere Desemba 9, 1967, na wazazi wengi wa jijini wamewahi kujisomea humo enzi za shule.

Waliosoma zamani wanakumbuka droo ndogo zilizojaa kadi. Unatafuta jina la mwandishi, unanakili namba, unakwenda kwenye rafu. Mkutubi wa enzi hizo alikuwa na namba hizo kichwani: 610 ni tiba, 649 ni malezi ya watoto. Ukimuuliza kitabu, anainuka kabla hujamaliza swali.

Leo mkutubi huyohuyo anatakiwa kufanya kazi kwa kompyuta. Programu mojawapo inayotumika katika maktaba nyingi duniani, zikiwamo za vyuo hapa nchini, ni Koha. Ilianzia kwenye maktaba ndogo za New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000, na haiuzwi. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi.

Zawadi hiyo ina ukali wake. Kadi ilisamehe makosa: ukikosea herufi moja, jicho lilikiona kitabu kadi mbili mbele. Kompyuta haina huruma hiyo. Mkutubi mmoja akiandika “Shaaban”, mwingine “Shabani”, vitabu vya mwandishi mmoja vinagawanyika mara mbili, na mwanafunzi anaambiwa hakuna kitu wakati kitabu kipo rafuni hatua tano kutoka alipokaa.

Ndiyo maana ugumu mkubwa kwa wakutubi wa siku nyingi hauko kwenye kubofya. Uko kwenye kukubali kuanza upya mbele ya vijana. Kijana aliyetoka chuoni Bagamoyo anamwamkia mama shikamoo asubuhi, na saa moja baadaye anamwonyesha alipokosea. Inahitaji moyo, pande zote mbili.

Swali moja, majibu mawili

Kwa mzazi, faida ya mafunzo hayo huonekana kwenye maswali ya afya. Chukua neno “degedege”. Ukiliandika kwenye simu, unaweza kuletewa dawa za kienyeji, simulizi za mashetani, na tangazo la mtu anayeuza chupa kwa WhatsApp. Vyote vinakuja kwa herufi zilezile na picha nzuri, kwa hiyo macho peke yake hayatenganishi.

Mkutubi aliyejifunza huanzia kwingine. Kuna PubMed, orodha ya tafiti za afya inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo umma uliruhusiwa kuitumia bure mwaka 1997. Kuna pia Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili vyuo, hospitali na maktaba za nchi kama Tanzania zisome majarida ambayo kwingine hulipiwa fedha nyingi.

Humo Kiingereza ndicho kinachotawala, na hapo ndipo kazi ilipo. Mkutubi lazima ajue kwamba degedege la mama wa Kariakoo huandikwa na madaktari kwa majina mengine, hasa yanayohusu malaria kali na homa. Lakini jambo la kufurahisha ni kwamba neno letu lenyewe lipo. Andika “degedege” kwenye PubMed, utakutana na utafiti uliofanywa Wilaya ya Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996, kuhusu namna familia zilivyokuwa zikiwatibu watoto. Neno la bibi zetu limeingia kwenye jarida la kimataifa bila kutafsiriwa.

Mkutubi si daktari, na aliye makini hatakuambia umpe mtoto dawa gani. Anachokufundisha ni maswali ya kuuliza kila ujumbe unapoingia kwenye kundi la wazazi: nani ameandika, lini, na anauza nini?

Shuleni nako

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, wazazi wengi waligundua kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambako vitabu vya kiada husomwa kwa simu au kompyuta. Kwa familia iliyopanga chumba kimoja na watoto watatu, kitabu kisichochukua nafasi ni msaada, ingawa bando nalo ni gharama. Kama hujui pa kuanzia, muulize mkutubi. Kuonyesha njia ni sehemu ya kazi yake, na huna haja ya kuona haya.

Ila mtoto akianza kukakamaa na kutupatupa mikono na miguu, weka kando utafutaji wa mtandaoni. Mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, mwahishe kituo cha afya kilicho karibu. Kwa maswali mengine ya afya yasiyo ya dharura, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, bila malipo.