Kula au Kura: Mipaka ya Kikagua Tahajia katika Ufundishaji wa Kiswahili Mwanza

Katika madarasa ya Mwanza, si ajabu mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisukuma kuandika *kula* anapokusudia *kura*, au *mahali* badala ya *mahari*. Chanzo kinafahamika: fonolojia ya Kisukuma haipambanui /l/ na /r/. Kinachostahili kuchunguzwa ni namna kompyuta inavyolipokea kosa hilo. Hailioni. Kikagua tahajia hulinganisha neno na orodha yake, na *kula* limo. Sentensi “Wananchi walipiga kula” hupita bila mstari mwekundu.

Wakati huohuo, programu inayotegemea orodha tupu huweza kulipigia mstari neno *hawakutuandikia*, ambalo ni sahihi kabisa, kwa kuwa maumbo ya kitenzi cha Kiswahili ni mengi mno kuorodheshwa. Kasoro hii ina tiba: mfumo wa SALAMA, uliobuniwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, huchanganua viambishi badala ya kukariri maneno. Ile ya kwanza ni ngumu zaidi, maana hudai muktadha.

Mwalimu anayeagiza insha zisahihishwe kwa kompyuta kabla ya kukusanywa (nami nimewahi kuwa mwalimu huyo) huwazoeza wanafunzi kulitilia shaka umbo sahihi na kuliamini lililokosewa. Afadhali awapeleke kwenye Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, wasome wenyewe vitenzi vinavyotangulia *kura* na nomino zinazofuata *kula*.