Wenzi wa safari katika Baldur's Gate

Wenzi wa safari katika Baldur's Gate ni wahusika wanaoweza kujiunga na mhusika mkuu wa mchezo wa kompyuta uitwao Baldur's Gate, ulioundwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutolewa mwaka 1998. Mchezo huo wa njozi unafuata kanuni za toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wenye asili ya Marekani. Kikosi hakizidi watu 6, mhusika mkuu akiwa mmoja wao, lakini wanaoweza kuchukuliwa njiani ni 25. Kwa hiyo mchezaji hana budi kuamua si tu nani wa kumchukua, bali pia lini.

Mwanzo wa safari

Mhusika mkuu ni yatima aliyelelewa Candlekeep, ngome yenye maktaba kubwa. Mlezi wake Gorion anauawa usiku wa kwanza nje ya ngome. Baada ya hapo anajitokeza Imoen, msichana waliyekua naye pamoja, akitaka kufuatana naye. Wote wawili wako ngazi ya 1. Mchawi wa ngazi hiyo huwa na pointi za uhai 4, au 6 akiwa na mwili imara sana, na mbwa mwitu mmoja anatosha kummaliza. Mwenzi akifa, kwa kawaida anaweza kufufuliwa hekaluni kwa malipo. Mhusika mkuu akifa, mchezo unaishia hapo na mchezaji anarudi alipouhifadhi mara ya mwisho.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchukua wenzi mapema. Imoen ni mwizi kwa fani: anafungua kufuli na kugundua mitego, kazi ambayo mpiganaji hawezi kuifanya. Gorion alikuwa ameagiza kwamba likitokea la kutokea, mtoto aende kwenye nyumba ya wageni ya Friendly Arm kuwatafuta Khalid na Jaheira, mume na mke. Tatizo ni kwamba kwenye ngazi za mlango wa nyumba hiyo anasubiri Tarnesh, mchawi aliyekuja kuua, na wageni wengi wa mchezo huu wameishia pale pale, hatua chache kabla ya kuwapata watu waliotumwa kwao.

Hesabu ya pointi za uzoefu

Sababu ya kuchelewa kuchukua wenzi ni mgawanyo. Pointi za uzoefu zinazopatikana kwa kumshinda adui hugawanywa sawa kwa wote walio hai kikosini. Adui wa pointi 600 humpa msafiri wa peke yake zote 600, lakini katika kikosi cha watu 6 kila mmoja hupata 100. Kwa mtazamo wa haraka, anayesafiri peke yake angekuwa na nguvu mara sita.

Haiwi hivyo, kwa sababu ngazi zinazidi kuwa ghali. Mpiganaji hufika ngazi ya 2 kwa pointi 2,000, ya 3 kwa 4,000, ya 4 kwa 8,000, ya 5 kwa 16,000, ya 6 kwa 32,000 na ya 7 kwa 64,000. Mpiganaji wa kikosi kamili aliyekusanya 16,000 yuko ngazi ya 5. Kama angezipata zote peke yake angekuwa na 96,000, yaani bado ngazi ya 7, maana ya 8 inahitaji 125,000. Tena mchezo wa kwanza, kabla ya nyongeza yake ya mwaka 1999, uliweka kikomo cha pointi 89,000 kwa kila mhusika. Faida ya upweke ni ngazi mbili, na kwa ngazi hizo mbili mchezaji amekosa mikono kumi ya kumsaidia.

Jambo lisiloonekana kwa urahisi ni ngazi ya mwenzi mwenyewe. Katika toleo la awali, ngazi hiyo hupangwa kwa kuangalia uzoefu wa mhusika mkuu pale anapoingia mara ya kwanza katika eneo alipo mwenzi huyo. Mchezaji anayepita Friendly Arm akiwa ngazi ya 1, akawaacha Khalid na Jaheira, na kurudi baada ya kukomaa, atawakuta walivyokuwa. Aliyeondolewa kikosini naye hapati kitu wakati akisubiri. Asiyetaka kumchukua mtu sasa, basi ni afadhali asifike kwake kwanza.

Wasiosubiri

Baadhi ya wenzi wana haraka yao. Minsc, askari wa porini (ranger) anayekutwa katika mji wa Nashkel, anataka Dynaheir aokolewe kutoka ngome ya gnoli, na akicheleweshwa sana urafiki huvunjika. Wengine huja wawili wawili: ukimwondoa Khalid, Jaheira anaondoka naye. Pia kuna sifa ya kikosi, inayopimwa kutoka 1 hadi 20. Wema hawavumilii kikosi chenye sifa mbaya, na waovu kama Xzar na Montaron hukichoka kinachosifiwa mno. Wawili hao wakiwekwa pamoja na Khalid na Jaheira, ugomvi unaweza kufikia kupigana.

Katika michezo iliyofuata

Baldur's Gate II ya mwaka 2000 iliendeleza mgawanyo ule ule. Humo Imoen hutekwa mapema na kupatikana tena baadaye sana, kwa hiyo wachezaji wanaomtaka huacha nafasi moja wazi, au hujiandaa kumwaga mtu waliyemzoea. Katika Baldur's Gate 3, iliyotolewa na Larian Studios mwaka 2023, wanaotembea pamoja ni 4 tu, lakini wanaobaki kambini hupanda ngazi sawa na wenzao.