Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Katika zahanati na shule nyingi za Mpanda na Katavi kwa jumla, maji ya kunywa hukaa katika tangi moja. Tangi hilo likiingiwa na uchafu, wote wanaolitegemea wamo hatarini.

Bakteria aitwaye Escherichia coli huishi katika utumbo wa watu na wanyama. Akionekana katika maji, ni dalili kwamba kinyesi kimeingia. Njia hiyo hiyo hupitisha vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu. Shirika la Afya Duniani lataka mililita 100 za maji ya kunywa zisiwe naye hata mmoja. Mei 2015 mkoani Kigoma, kipindupindu kiliua watu wapatao 30, wengi wao wakimbizi kutoka Burundi.

Tufanyeje? Tuchemshe maji hadi yatokote, au tutie dawa ya klorini na kungoja nusu saa. Maji ya tope yachujwe kwanza, maana tope hudhoofisha dawa. Lakini dawa peke yake haitoshi: tangi lisafishwe, nyufa zizibwe, mfuniko ukae daima. Kisha maji yapimwe tena.