Ukiulizwa Mshahara Unaoutarajia

Swali la mshahara katika usaili huwaponza wengi: hutaja kiasi wanachohitaji mkononi, ilhali mkatabani huandikwa mshahara kabla ya makato. Katika sekta binafsi Tanzania Bara, mchango wa mfanyakazi kwa NSSF kwa kawaida ni asilimia 10. Hivyo, aliyetaja shilingi 600,000 hukatwa 60,000, kisha hufuata kodi ya mapato.

Kabla ya usaili, piga hesabu ya mahitaji yako, ongeza makato, na ulizia viwango vya kazi hiyo. Ukiulizwa, jibu kwa utulivu: “Natarajia shilingi 700,000 hadi 800,000 kabla ya makato, kwa kuzingatia uzoefu wangu.” Uliza pia kuhusu posho. Usianze kazi kabla kiasi mlichokubaliana hakijaandikwa mkatabani.